Joho la Inferno na kofia ya Grandmaster: tatizo ni ugumu, au ni gharama ya kujaribu tena?

Kibaraza_cha_Jioni

Wakuu, salaam. Naongelea Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni, najua humu wapo wanaoijua nje ndani.

Joho la moto hupatikana kwa kumaliza mawimbi 63 ya maadui kwenye pambano la Fight Caves, na linaongeza nguvu ya mapigo kwa +4. Joho la Inferno, pambano gumu zaidi ya hilo, linadai mawimbi 69, na adui wa mwisho ni TzKal-Zuk mwenye uhai 1,200. Hilo linaongeza +8. Mhusika aliyekomaa akipiga hesabu, zile nne za ziada zinampa kama pointi moja tu kwenye pigo lake kubwa kabisa. Usahihi nao unapanda kidogo, basi. Kinachotafutwa hasa ni ile lava inayotembea mgongoni, ili kila anayepita sokoni aione.

Mwaka 2021 zikaja Combat Achievements, orodha ya kazi za kivita zilizopangwa kwa ngazi, na kwenye kofia zake hakuna hata hiyo pointi moja. Ukifika Elite unapata rangi ya Tztok kwenye kofia ya slayer, ukifika Master unapata Vampyric, ukifika Grandmaster unapata Tzkal. Uwezo wa kofia haubadiliki, ni sura tu. Na kwenye ngazi ya Grandmaster kuna kazi kama kumaliza Inferno yote chini ya dakika 65. Kwa nini pambo, kitu kisichomwongezea mtu nguvu, ndicho kifungwe mahali ambapo mchezaji wa kawaida hafiki kamwe? Inauma.

Maswali yangu:

1. Wanaokwama hukwamia wapi hasa, na sababu ni nini? Miongozo mingi inasema "jizoeze" halafu inaishia hapo.
2. Mtu aliye Dar au Mombasa, pingi yake (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) kwa seva za Ulaya ikiwa milisekunde 180 hivi, ana nafasi ya kweli?
3. Hana Twisted bow, ule upinde wa nguvu. Ana ngazi za Ranged 92, Magic 94, Prayer 77, na sala ya Rigour inayoongeza nguvu ya mishale, na silaha zake ni Toxic blowpipe na crossbow ya kawaida. Aanze au asubiri?

---

NguzoYaKaskazini

Mkuu, nianze na swali la tatu kwa kuwa ni fupi: aanze. Twisted bow inafupisha safari, haimfundishi mtu kusimama pazuri. Ice Barrage (uchawi wa barafu unaopiga kundi) anayo, Rigour anayo, blowpipe anayo. Panapobaki ni kichwa.

Sasa wanakokwama. Ukiona mtu amefia wimbi la 50 na kitu, sababu karibu kila mara ni moja: maadui wawili, Jal-Zek na Jal-Xil, wamempiga ndani ya tiki moja. Tiki ni sekunde 0.6, na ndani yake unaweza kuwasha sala moja tu ya kinga, yaani ya kuzuia aina moja ya pigo. Jal-Zek hupiga kwa uchawi hadi 70. Jal-Xil hupiga kwa mishale hadi 46. Wote wawili hupiga kila baada ya tiki 4. Wakikuona kwa pamoja, wataendelea kupiga kwa pamoja mpaka mmoja afe, na hakuna wepesi wa mkono utakaokuokoa hapo. Mtu anadhani amechelewa kubonyeza, kumbe alishapotea pale aliposimama.

Dawa yake ni nguzo zilizo uwanjani. Wimbi likianza, jifiche nyuma ya nguzo pasipo yeyote kukuona. Toka hatua moja upande ambao mmoja tu ndiye atakuona, aanze kupiga. Hesabu tiki mbili, ndipo ujionyeshe kwa wa pili. Sasa mapigo yao yanapishana tiki mbili, na wewe unabadilisha sala kwa mwendo usiobadilika: uchawi, mishale, uchawi, mishale, kila sekunde 1.2. Huo ni mwendo wa kutembea, si wa kukimbia. Ukiona wameanza kugongana tena, usishindane nao. Rudi nyuma ya nguzo uanze upya.

Kwa hiyo uhai wa nguzo ni uhai wako. Kila nguzo ina 255, na wale wadogo watatu wanaotokea mwanzo wa wimbi, Jal-Nib, kazi yao ni kuzitafuna. Wote watatu hulenga nguzo moja. Kazi yako ya kwanza katika wimbi lolote ni kuwatupia Ice Barrage moja inayowashika wote. Wengi huwapuuza mawimbi ya mwanzo kwa kuwa hakuna hatari nyingine, wanafika wimbi la 40 na nguzo ya kaskazini ina uhai 60. Hapo Jal-Zek wameshaanza kutokea (wanaanza wimbi la 35), nguzo inaanguka, inakuumiza wewe uliyesimama karibu nayo, na huna tena pa kujificha. Makosa ya wimbi la 10 yanalipwa wimbi la 45.

Wengine kwa kifupi:

Jal-Ak, yule mwenye umbo la tonge, kwanza husoma sala uliyowasha, na baada ya tiki 3 hupiga kwa aina usiyojikinga nayo. Ukiwa na sala ya uchawi anaposoma, atarusha mshale. Basi mwache asome uchawi, kisha hamia mishale. Akifa anagawanyika watatu wadogo, kila mmoja na aina yake ya pigo, kwa hiyo usimuue ukiwa katikati ya uwanja.

Jal-ImKot hupiga kwa mkono. Akizuiwa na nguzo kwa muda mrefu huchimba chini na kuibukia ubavuni kwako. Usimsahau nyuma ya nguzo ukidhani umemfunga.

Jal-Zek anaweza kumfufua aliyekufa, akarudi na nusu ya uhai. Ndiyo sababu ukipata nafasi ya kumtenga, yeye ndiye wa kwanza kuuawa.

Mizigo kwa safari ya kwanza ni dawa za kunywa: Saradomin brew (ya kurudisha uhai) 7 au 8, Super restore (ya kurudisha takwimu na sala) 10 au 11, Bastion 1 au 2, Stamina 1. Kumbuka brew hushusha Ranged na Magic. Ukinywa dozi tatu za brew, fuatisha dozi moja ya restore, la sivyo Ice Barrage itakugomea wimbi linalofuata, na Jal-Nib watakula nguzo. Mnyororo ni ule ule.

---

tiki_mia_sita

Swali la pingi, kwa sababu watu wengi wa Pwani hukata tamaa hapa bila sababu.

Mwanga ndani ya waya wa baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kila kilomita 1,000 za waya zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kutoka Dar au Mombasa kupitia Bahari ya Shamu hadi Ulaya tuseme ni waya wa kilomita 10,000, basi 100 zimeshaondoka kabla ya ruta yoyote kugusa data yako. Pingi ya 180 si ubovu wa laini yako, sehemu kubwa ni umbali tu.

Je, 180 inatosha? Inatosha kabisa. Seva inafanya kazi kwa tiki za milisekunde 600. Unachokiona kinakufikia kimechelewa kama 90, na agizo lako linachukua kama 90 nyingine kufika kabla tiki haijafungwa. Unabaki na kama 420 za kuamua na kubonyeza. Ule mwendo wa tiki mbili alioeleza NguzoYaKaskazini una milisekunde 1,200. Pingi haiuui.

Kinachoua ni kuyumba. Pakiti ikipotea njiani, inabidi itumwe tena, na zote zilizo nyuma yake zinasubiri. Ghafla bonyezo lako linafika tiki mbili baadaye, au mabonyezo mawili yanafika pamoja, sala inawaka na kuzimika ndani ya tiki moja. Mchezaji anaona amebonyeza sawasawa na bado amekula 70. Kwa hiyo:

Tumia waya kutoka kwenye ruta, achana na Wi-Fi. Kama laini ni ya simu, unganisha simu kwa kebo ya USB.

Katika RuneLite, programu ya kuchezea gemu hii, fungua World Hopper, inaonyesha pingi ya kila seva. Linganisha za Uingereza na za Ujerumani katika saa ile ile utakayocheza. Asubuhi na saa tatu usiku ni mitandao miwili tofauti.

Kwenye Windows andika ping -t na anwani ya seva, acha dakika kumi. Usiangalie wastani, angalia mbaya kuliko zote. 180 isiyotikisika ni bora kuliko 140 inayoruka hadi 450. Kama ndani ya majibu mia moja kuna mawili au matatu yaliyopita 400, au yaliyopotea, usianze siku hiyo.

Nyaya zikipata hitilafu, subiri. Februari 2024 zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei 12 mwaka huo nyaya za EASSy na Seacom zikapata hitilafu upande wa kusini. Trafiki inapozungushwa njia ndefu, hakuna ujanja wa mchezaji utakaoifidia.

Umeme nao: ndani ya Inferno ukibonyeza kutoka mara moja, gemu inakungoja umalize wimbi, kisha inakutoa. Ukirudi unaanzia wimbi linalofuata. Kama mtaa wenu una mgao unaojulikana, gawanya safari. Kompyuta iwe na betri, ruta iwe na betri yake ndogo ya akiba. Ruta inazimika kwanza kuliko kitu chochote, na watu huisahau.

Jambo la mwisho: vitufe. Weka sala, begi na vitabu vya uchawi kwenye F1, F2, F3 au vyovyote vilivyo karibu na kidole, usifungue vidirisha kwa kipanya. Hilo peke yake linaokoa muda mwingi kuliko kushusha pingi kwa 40.

---

Mwanga_wa_Lava

Wenzangu wameeleza mawimbi. Mimi nieleze Zuk, maana huku ndiko joho linakopotelea.

Zuk hupiga kila tiki 10 na pigo moja linatosha kuua mtu mwenye uhai kamili. Hakuna sala inayomzuia. Unaishi nyuma ya ngao inayotembea kulia na kushoto, na ngao ina uhai 600. Mwanzoni usipige kabisa. Tembea nayo mizunguko miwili, uone inavyotulia kidogo kwenye ncha kabla ya kurudi. Wanaokufa sekunde 30 za kwanza wamebonyeza Zuk, mhusika akasimama kupiga, ngao ikampita. Bonyeza ardhi mbele ya ngao, piga, bonyeza ardhi tena.

Kila baada ya dakika 3 na sekunde 30 hutokea jozi, Jal-Xil na Jal-Zek, na wanaanza kuipiga ngao, si wewe. Gusa mmoja ageuke, weka sala yake, muue, kisha wa pili. Lakini usikawie, maana yule usiyemgusa anaendelea kuila ngao. Ngao iliyobaki na uhai 150 kabla ya Jad, adui mkubwa anayekuja baadaye, ni safari iliyokwisha.

Uhai wa Zuk una vizingiti vitatu, viandike kwenye karatasi. Akishuka chini ya 600, saa ya jozi inasimama. Akifika 480, Jad anatokea na saa inaendelea, ikiongezewa dakika 1 na sekunde 45. Akifika 240 wanatokea waponyaji wanne, na Zuk anaanza kupiga kila tiki 7 badala ya 10.

Faida ya kizingiti cha 600 ndiyo watu huitupa. Saa ikiwa imesimama, una muda wa bure. Maliza jozi iliyobaki, kunywa, rudisha takwimu, panga begi. Ndipo umshushe kwa makusudi hadi 480. Vivyo hivyo kwa 240: usimvushe wakati jozi inakaribia kutokea. Subiri itokee, iue, kisha vuka. Kukutana na waponyaji wanne, jozi mpya na Zuk wa tiki 7 kwa wakati mmoja ndiko kunakoua safari nyingi zilizofika mbali. Waponyaji waguse wote wanne haraka. Wakiguswa huacha kumponya, wanaanza kurusha moto pale ulipo, kwa hiyo endelea kusogea.

Kwa asiye na Twisted bow: crossbow na risasi za Ruby zilizorogwa. Zikifanya kazi yake hukata asilimia 20 ya uhai uliobaki wa adui, mwisho 100, na wewe hupoteza asilimia 10 ya uhai wako. Kwa adui wa 1,200 hizo ni 100 kamili mpaka afike 500. Chini ya hapo thamani inapungua, na karibu na 240 hamia risasi za Diamond. Angalia tu usiwe na uhai mdogo zinapofyatuka.

---

SautiYaBara

Niruhusiwe kurudi kwenye lalamiko lenyewe, kwa sababu naona ni la haki ila limeelekezwa pembeni kidogo.

Ugumu si dhuluma. Pambo linaloonyesha kwamba mtu alisimama mbele ya Zuk akashinda lina maana, na maana hiyo haipo kwenye skini iliyonunuliwa kwa pesa au iliyotoka kwenye bahati nasibu. Tukiomba joho lirahisishwe, tunaomba liwe kitambaa chekundu tu.

Dhuluma iko kwenye bei ya somo. Safari ya kwanza hadi wimbi la 66 inachukua saa moja na nusu hivi kwa mtu makini. Pambano la Zuk ni kama dakika 8. Mtu anayefia Zuk dakika ya pili amelipa dakika 90 kujifunza mbili. Akitaka kujifunza tena, alipe tena 90, na asilimia kubwa ya hizo anarudia anachokijua tayari. Hiyo haipimi ustadi, inapima nani ana jioni nyingi zisizo na mtoto, zamu, wala mgao wa umeme.

Linganisha na Mage Tower, mnara wa mapambano wa gemu nyingine, World of Warcraft, 2017. Ilikuwa ngumu kweli, na kila moja ya fani 36 ilikuwa na sura yake ya silaha. Lakini pambano lilikuwa la dakika chache, ukifa unajaribu tena bila kurudia njia ndefu. Mnara ulipokuwa wazi, watu walijaribu tena na tena. Kosa lake lilikuwa lingine: 2018 zile sura zikaondolewa, na mnara uliporudi 2021 ukaja na zawadi tofauti. Aliyechelewa akakosa hata akiwa stadi. Huko kufuli lilikuwa kalenda, huku kufuli ni kurudia njia.

Kinachotakiwa ni chumba cha mazoezi: Zuk peke yake, bila zawadi, ujaribu mara ishirini kwa jioni. Joho libaki pale pale kwa mawimbi 69. Hakuna anayenyang'anywa heshima yake. Mpaka kiwepo ndani ya gemu, kipo nje yake: wachezaji wametengeneza kifaa cha bure cha kwenye kivinjari kinachoiga Zuk na mawimbi. Hakihitaji akaunti yako. Kitumie mpaka ngao na vile vizingiti vitatu visikushtue, ndipo uingie Inferno halisi.

Na tafadhali, msimlipe mtu aingie kwenye akaunti akupatie joho. Ni kinyume cha kanuni za gemu, akaunti inaweza kufungiwa, na neno la siri limeshakuwa la mtu mwingine. Pia programu jalizi zinazokwambia uwashe sala gani haziruhusiwi. Zile za kuchora alama ardhini au za mlio wa tiki ni sawa.

Kuhusu Tzkal, hapo naungana nawe zaidi. Grandmaster inahesabiwa kwa pointi, kazi ya Easy ikiwa 1 na ya Grandmaster 6, na kila bosi mpya akija na kazi zake, kiwango kinachotakiwa kinapanda. Kofia ya rangi inayokimbia kila unapoikaribia ni jambo gumu kulitetea.

---

Kibaraza_cha_Jioni

Nashukuru sana wakuu. Hili la bei ya somo ndilo nililoshindwa kulitamka.

Moja limebaki: wimbi la 68, Jad watatu. Miongozo inasema "fuata mdundo" bila kusema mdundo upi.

---

NguzoYaKaskazini

Jad wa wimbi la 67, akiwa peke yake, hupiga kila tiki 8. Wakiwa watatu, kila mmoja hupiga kila tiki 9, na wamepishana tiki 3. Maana yake kila sekunde 1.8 kuna mmoja anayepiga, kwa zamu isiyobadilika: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa kwanza. Fungua Metronome ya RuneLite, iweke ilie kila tiki 3, uwe na mdundo masikioni.

Akijiinua na miguu ya mbele ikaning'inia, ni uchawi. Akikanyaga chini kwa nguvu, ni mishale. Ukiona tu, badilisha sala, kisha macho yahamie kwa anayefuata kwenye zamu. Watu hufa kwa kumkodolea yule wanayempiga, wakati anayepiga safari hii yuko pembeni. Unayempiga hahitaji macho, mhusika wako anaendelea mwenyewe.

Piga mmoja hadi afe, wengine usiwaguse. Kila mmoja akishuka nusu huita waponyaji 3, na ukiwapunguza wote kwa pamoja utakuwa na 9. Waponyaji waguse mara moja moja kati ya zamu mbili, kamwe si ile zamu ambayo hujaisoma bado. Jad wa kwanza akifa, ile nafasi yake kwenye mdundo inabaki tupu: mlio unakuja, hakuna pigo. Usiharakishe mdundo kuijaza. Tumia tupu hiyo kunywa.